Siku Niliyojijengea Ndani ya Boila

Jambo hili sijawahi kulisimulia mbele ya watu wa Newala, kwa sababu watu wa Newala hawana haja ya kusimuliwa, wanalijua, na wengine wanalijua kuliko mimi, maana mimi nilikuwa ndani na wao walikuwa nje. Lakini ninyi ni rafiki zangu, na mmeniuliza mara nyingi kwa nini nashtuka mlango ukifungwa nyuma yangu, basi kaeni niwaambie aibu yangu, na mkicheka chekeni polepole, mke wangu yuko jikoni.

Wakati ule Waingereza walikuwa bado wapo, ingawa watu walishaanza kuulizana wataondoka lini. Mimi nilizaliwa Masasi, nikajifunza uashi kwa mafundi wa misheni, na nilipooa Newala nikapata kazi kwenye mtambo wa maji, kule bondeni chini ya mteremko. Pale palikuwa na boila kubwa ya kuni. Mvuke wake uliendesha pampu, na pampu ndiyo iliyosukuma maji kupanda mlima wote ule mpaka kwenye tangi la mjini. (Newala, kwa asiyeijua, iko juu kabisa, na ardhi yake inakunywa mvua yote isibakize hata kidimbwi, na kabla ya mtambo ule wanawake walishuka bondeni na mitungi alfajiri, wakarudi jua linachoma.) Kwa hiyo boila ile iliheshimiwa kama mkwe.

Ila ilikuwa na ulafi. Ilikula kuni usiulize. Ndani yake palikuwa na vyumba viwili, cha mbele cha moto na cha nyuma cha moshi, na katikati ukuta wa matofali ya kustahimili moto ambao sisi tuliuita kizuizi. Kazi ya kizuizi ni kuulazimisha moshi wenye joto upande juu, uuvuke ukuta, ushuke chumba cha nyuma ukiyazunguka mabomba ya maji, na ukishaacha joto lake pale ndipo uende kwenye dohani, lile bomba la kutolea moshi. Sasa kizuizi chetu kilikuwa kifupi, tena juu kimeliwa na moto, kwa hiyo moshi uliruka tu kama mbuzi anavyoruka ua mbovu, ukatoka na joto lake lote kwenda kuwapasha kunguru.

Bwana Injinia, Mzungu aliyekuwa akija mara moja moja kutoka Lindi, alichungulia ndani akatikisa kichwa. "Moshi hii nakwenda mbio sana," alisema. "Kizuizi lazima kwenda juu. Lakini ngoja. Mimi naleta picha na vipimo."

Mzee Chinguile, msimamizi wetu, akaitikia, kisha akanigeukia mimi. "Umesikia, Barnaba? Tunangoja. Na siku tukianza, mmoja ndani, mmoja mlangoni. Boila haiingiwi na mtu peke yake."

Nikasema ndiyo mzee. Moyoni nilikuwa nimeshaupandisha ukuta ule. Nilijiona nimesimama pembeni, Bwana Injinia anafungua mlango na picha yake mkononi, anakuta kazi imekwisha, anauliza nani amefanya hivi, na watu wote wananyoosha vidole kwangu. (Vidole walikuja kuninyooshea kweli, hilo Mungu alinipa.)

Boila ilikuwa inazimwa Jumamosi jioni, inapoa, inapanguswa masizi, na moto unawashwa tena Jumatatu. Basi Jumapili moja, baada ya ibada ya kwanza, nikamwambia mke wangu Agnesi nakwenda kumtazama rafiki yangu mgonjwa, nikateremka bondeni. Mzee Chinguile alikuwa shambani kwake. Saidi, mchochea moto, alikuwa mtoni anaoga. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimeshaficha matofali na udongo wa kichuguu, nikayapitisha kwenye mlango wa masizi ulio nyuma ya boila, mlango wa chuma unaofungukia nje, upana wake mabega yangu tu. Ndani joto lilikuwa bado halijaisha, kwa hiyo nikavua nguo zangu za kanisani, nikazikunja vizuri nikazifungia kwenye sanduku la vifaa zisipate masizi, nikabaki na nguo ya ndani peke yake, na nikaingia na taa. Halafu, hapa ndipo nilipojiponza, nikauvuta mlango nyuma yangu, Saidi akipita asiuone uko wazi.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Nilipandisha mstari mmoja, wa pili, wa tatu, matofali nayachonga yakae katikati ya mabomba, nimejikunja kama jongoo, jasho linanitoka lakini nafurahi, mpaka juu pakabaki upenyo wa shubiri moja, sawasawa na moshi unavyotaka. Zamani mtu mwembamba angeweza kuupanda ukuta ule akatokea chumba cha moto. Sasa hata paka angefikiri mara mbili. Nikauchapa kofi la kuusifu.

Nikasikia kishindo mlangoni. Kisha kingine. Kisha sauti za wanawake, nyingi, wanahema kama watu walioteremka mlima kwa haraka, na kishindo tena, na tena, na mwanga mwembamba uliokuwa unaingia pembeni mwa mlango ukakatika. Walikuwa wanatua kuni. Wanazipanga juu ya mlango wangu!

Nilikuja kujua baadaye kwamba koki ya tangi kule mjini ilikuwa imeachwa wazi usiku, tangi limekauka, na habari ikatangazwa kanisani. Wanawake wakatoka kwenye ibada ya pili moja kwa moja, wakaziokota kuni zilizolala njiani wakazileta, wakazitua popote walipoona nafasi, maana hawakuwa wafanyakazi wa pale na hawakujua mlango ule ni wa nini. Lakini mimi wakati ule sikujua lolote. Nilijua tu kwamba nikipiga kelele sasa hivi nitatolewa. Nilifungua mdomo. Na hapo hapo nikasikia sauti moja ikisema, "Zipangeni vizuri jamani, zisimwangukie mtu," nikaufunga.

Ilikuwa sauti ya Mama Agnesi. Mama mkwe wangu.

Mnajua mambo ya mkwe. Mimi mama yule nilikuwa nikimwona anakuja njiani natoka njiani, namsalimia kwa mbali nimeinamisha macho, sijawahi kula mbele yake hata siku moja. Leo nitoke mbele yake kwenye kitundu, matako kwanza (maana kwenye kitundu kile mtu hatoki ila kinyumenyume), na kitambaa kimoja tu mwilini kilichokwisha kuwa cheusi? Nikajiambia, hapana, ngoja kwanza, watatua kuni zao watakwenda zao, Saidi atakuja, nitamwita yeye. Nikazima taa. Nikakaa kimya gizani kama mwizi, na kila gogo lililotua mlangoni nililisikia kifuani.

Wanawake hawakuondoka. Nikasikia upande wa mbele mlango wa tanuri unafunguliwa, vijiti vinatupwa, na Saidi anawaambia, "Rudini nyuma kidogo akina mama, nawasha sasa hivi. Mzee Chinguile ametumiwa mtu, lakini maji hayamngoji mzee." Harufu ya mafuta ya taa ikapita juu ya ukuta wangu mpya, ikanifikia puani.

Jamani, kuna kuogopa na kuna kule. Nikaona mwanga mwekundu unacheza juu kwenye upenyo, mdogo, mzuri kabisa, na moshi wa kwanza ukauvuka ukuta, ukashuka chumba cha nyuma, ukanizunguka polepole kuanzia kichwani mpaka miguuni, vile vile Bwana Injinia alivyotaka. Nikapiga ukelele: "Zima! Zima moto! Niko humu!"

Sauti ya mtu aliyeko ndani ya boila haitokei mlangoni. Inatokea kwenye dohani. Wale waliokuwa nje walisikia kitu kinanguruma juu angani, ndani ya lile bomba refu, "Niko humuuu," na nikasikia makelele, magogo yanaanguka, miguu inakimbia, na Saidi, ambaye ndiye pekee aliyejua kuuzima moto ule, anapita mbio akitaja majina yote ya Mungu anayoyajua. Kisha kukawa kimya. Hapakubaki mtu, isipokuwa mimi na moto.

Nililala chali nikaupiga ukuta mateke. Kwa mara ya kwanza maishani niliulaani ufundi wangu, maana matofali niliyokuwa nimeyachonga yakae barabara katikati ya mabomba yalikaa barabara kweli. Teke la tano au la sita, mstari wa juu ukaachia, ukaanguka upande wa pili juu ya vijiti vinavyowaka. Cheche zikaruka. Nikapiga tena, ukaanguka mstari mwingine, moto ukafukiwa nusu, na moto uliofukiwa nusu, kama hamjui, hutoa moshi kuliko unaowaka. Macho yakafumba. Nikatambaa mpaka mlango wa masizi, nikagonga kwa tofali, kwa ngumi, kwa paji la uso. Nikakohoa. Sikuwa na sauti tena ya kuita, ni kikohozi tu.

"Wewe ni mtu au ni nini?"

Ilikuwa karibu, hapo hapo nyuma ya kuni. Sauti ile ile.

"Ni mtu, mama," nikasema.

"Mtu gani?"

Na mtanisamehe, lakini hata pale, moshi umenijaa kooni, jina langu lilikataa kutoka. Nikanyamaza. Nikasikia anavuta pumzi. Akauliza tena, safari hii kwa ukali, "Nimekuuliza, mtu gani?"

"Barnaba."

Nilidhani ameondoka. Kisha nikasikia gogo linaburutwa, linatupwa. La pili. La tatu. Mama yule alikuwa mtu mzima, amevaa nguo zake nyeupe za kanisani, na zile kuni ziliwachukua wanawake wengi kuzipanga, naye alikuwa peke yake, anazitupa huku anahema na kuniambia, "Kohoa. Endelea kukohoa nikusikie." Nikanyamaza mara moja tu, nadhani fahamu zilikuwa zinaniacha, akagonga chuma kwa gogo akapiga kelele, "Kohoa, nimesema!" Nikakohoa.

Mlango ukafunguka. Nikatoka kama nilivyowaambia nitatoka, sitarudia. Nilianguka chini kwenye magome ya kuni nikivuta hewa kama samaki. Nilipofumbua macho nikaona mgongo wake. Alikuwa amegeuka, anatazama mtoni, nguo zake nyeupe zimekuwa kama za mchoma mkaa, na mkono wake umenyooshwa nyuma bila kugeuza kichwa, umeshika kanga aliyojitanda.

"Jifunge, baba," alisema.

Nimemaliza kujifunga ndipo watu wakarudi, wamejificha nyuma ya Mzee Chinguile, Saidi ameshika panga. Waliona kiumbe cheusi, macho mekundu, kimevaa kanga ya maua. Nusu yao wakakimbia tena. Mzee Chinguile alikuja mpaka karibu, akanitazama, akachungulia ndani, akaona ukuta wangu uliobomoka na vijiti vinavyofuka. Nikasema, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Alisema tu, "Saidi, vuta moto wote nje. Toa matofali. Anza upya." Jua likashuka tunaanza upya, na kule juu watu wa Newala walikaa mbele ya mabomba makavu mpaka jioni, na kila aliyeuliza kwa nini alijibiwa kwa ukamilifu.

Kizuizi kilikuja kujengwa, ndiyo. Bwana Injinia alileta picha yake, Mzee Chinguile akasimama mlangoni, mwashi mwingine akaingia, na mimi nikapewa kazi ya kupitisha matofali kutoka nje. Moshi wa dohani ukawa mwembamba na kuni zikapungua kweli kweli. Kwamba wazo langu lilikuwa sahihi haikunisaidia hata kidogo. Mtaani watoto waliniita Niko Humu.

Kwa mama mkwe nilikaa wiki tatu sijaenda. Mwisho Agnesi akanisukuma, nikabeba kuku na kanga mpya, nikakaa barazani nimeinamisha uso, yeye yuko ndani, mlango umeegeshwa, tunasemezana kwa kusikilizana tu. Nikaomba radhi kwa yote, nikayataja moja moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo yamekwisha," akasema. "Liko moja tu. Nilipokuuliza mtu gani, kwa nini ulinyamaza?"

Nikasema, "Niliona aibu, mama."

Kuku alikuwa anapapatika mkononi mwangu.

"Mimi nimezika watoto wawili," akasema. "Mmoja homa, mmoja nyoka. Sijazika aliyekufa kwa aibu, na mwanangu hatakuwa mjane kwa ajili hiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, lete huyo kuku, na uingie ule."

Niliingia, nikala mbele yake, na yeye ananitazama mpaka sahani ikaisha. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, nikikwama mahali, hata kama ni chooni na komeo limegoma, nalitaja jina langu kwanza, kwa sauti kubwa, na jina la baba yangu, na mtaa ninaokaa.