Litajeni Kwanza Jina la Mama Yangu

Siku waliyonitoa kwenye kikao cha ukoo, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa Kenyamonta, matanga ya Bibi Nyangi yamekwisha na watu wanagawana shamba lake.

Bibi Nyangi hakujaliwa mtoto wa kiume. Basi kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, yeye mwanamke alitoa ng'ombe akamwoa mama yangu, Robi, ili azaliwe wa kuendeleza nyumba yake. Nikazaliwa mimi. Bibi alipokuwa hai hakuna aliyeninyooshea kidole, maana ulimi wake uliogopwa. Alipofumba macho tu, midomo ikafunguka.

"Huyu baba yake nani?" akauliza Mzee Wambura, mtoto wa mke mwenzake Bibi. "Hapa wanakaa wenye baba. Toka, Marwa."

Nikatoka. Hakuna aliyenitetea, hata wale niliochunga nao. Mama akajitwika sufuria zake, tukavuka mto kuomba hifadhi kwa ukoo wa pili, watu ambao kwetu waliitwa maadui. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwanzoni tulitazamwa sana. Lakini walitupa pa kulima. Niliwachungia ng'ombe, nikaoa kwao, nikajua nani kati yao ana hasira za karibu na nani ukimsubiri atakusikiliza.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Ng'ombe wa Kenyamonta wakaibwa, nyayo zikaonekana zimevuka mto. Vijana wa huku na huku wakaanza kunoa mapanga na kutia mishale sumu. Mmoja alikwisha chomwa mshale wa paja. Ndipo adhuhuri moja wazee wa Kenyamonta wakaingia uani kwangu, mbele yao Wambura, amezeeka, anatembelea fimbo.

"Shikamoo, Mzee," nikamwamkia. Adabu ni yangu, si yake.

"Marahaba. Marwa, watu wa huku wanakusikia. Njoo utusemee kabla watoto hawajauana."

"Si ninyi mlionitoa? Leo shida imewabana ndiyo mmeijua njia ya kwangu?"

Akatazama chini. "Shida hiyo ndiyo imetuleta."

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo! Nilitaka kuwaambia hivyo, kisha nifunge mlango. Mama akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Yeftha wa kwenye Biblia naye walimwita mtoto wa kahaba," akasema. "Ndugu zake wakamfukuza wasigawane naye urithi. Vita ilipokuja, wazee wakamfuata huko huko alikokimbilia. Ukikataa, mwanangu, hawa watakuwa wamekufukuza mara mbili. Nenda. Ila usiende umeinama."

Nikamgeukia Wambura. "Nitakuja. Lakini mbele ya koo zote mbili utasimama useme kwanza: huyu ni Marwa wa Robi, wa nyumba ya Nyangi. Na nitakaa mbele."

Wenzake wakaguna. Yeye akajibu, "Nitasema."

Na alisema! Alisimama kando ya mto, akalitaja jina la mama yangu hadi wenye mishale wakasikia. Mama hakulia. Alijifunga kanga yake vizuri, basi.

Tuliongea hadi jua likapoa. Wezi walitajwa na baba zao wenyewe, ng'ombe wakarudi, isipokuwa wale waliokwisha vushwa mpaka wa Sirari. Hakuzikwa mtu. Tangu hapo kikao hakikai bila mimi. Wapo binamu zangu ambao mpaka leo hawanisalimii. Wasinisalimie.

Sasa nisikilize, wewe binti uliyekimbia kisu cha ngariba ukapokewa kwenye nyumba salama ya Mugumu, na wewe uliyekuja kuchimba dhahabu wakakuita wa kuja. Yusufu aliuzwa na ndugu zake. Musa alikimbia akiwa na damu ya mtu mikononi. Ndugu zake Daudi walipoitwa mbele ya nabii, yeye aliachwa malishoni. Mungu hakuomba ruhusa ya waliowakataa, na kwako hataomba.

Kwa hiyo usiwabembeleze wakupende. Kaa ulikopokewa, ufanye kazi, ujifunze watu. Siku wakikuita kuokoa maisha, nenda, maana mtoto anayechomwa mshale hakukufukuza yeye. Lakini ukweli wako uuseme kwanza. Kusamehe si kujifanya umesahau.

Na ukishapewa kiti, chunga mdomo. Yule Yeftha aliropoka nadhiri ya kijinga, na aliyeilipa kwa uhai wake ni binti yake. Kuonewa jana hakukupi ruhusa ya kuumiza mtu leo.

Haya, mwanangu. Mungu wa waliotupwa nje akusimamishe wima. Mvua ikukute umekwisha panda, na mlango wako usikose mgeni wa kumkaribisha.