Uso Wake kwa Rangi Nne za Kijivu

Mke wangu aliacha picha moja tu. Alipigwa picha hiyo siku ya harusi ya dada yake, amesimama kando ya mlango wa kanisa, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza jambo. Alipofariki, mtoto wetu wa mwisho, msichana, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Niliitia picha ile katika fremu ya kioo na kuitundika sebuleni kwetu, mtaani Kikula, ili mtoto akue akiiona.

Wakati huo nilikuwa katekista, na pia mwandishi wa parokia. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu vilipita mikononi mwangu. Jirani yangu alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi za kampuni ya madini. Wazee wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Likasi, na kwa miaka mingi aliimba sauti ya chini nyuma yangu katika kwaya.

Kampuni ilipoanza kuanguka na mishahara kukatika, ofisi zilitupa mashine zilizokufa. Yeye alizikusanya kama mtu anayeokota kuni. Katika hii alitoa sanduku, katika ile alitoa kioo, katika nyingine kibodi iliyokosa herufi mbili. Kadi ya picha, yaani kile kibao cha ndani kinachopeleka picha kwenye kioo, aliletewa na mfanyabiashara aliyetoka upande wa Zambia. Ilikuwa imefungwa katika gazeti, haina boksi wala jina, ina diskette moja tu yenye alama ya kalamu nyekundu. Ndani ya diskette hiyo mlikuwa na kile mafundi wetu walichokiita pilote: programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuitumia kadi.

Kifuniko cha sanduku hakikukubali kufunga, akakifunga kwa mpira wa baiskeli.

"Mwalimu," aliniambia siku alipoiweka juu ya meza yangu ya parokia, "hii masini ni sawa Kikula yetu. Kila kipande kilitoka kwabo, lakini byote binaishi mu nyumba moja."

Ilikuwa ya kuandikia vitabu vya parokia na nyimbo za kwaya. Lakini ili kuijaribu kadi, alitaka picha, nami nikamletea ile ya mke wangu. Alikuwa ameazima ofisini kimashine cha mkono cha kunakili picha. Unakipitisha polepole juu ya karatasi, kama mtu anayepiga pasi.

"Polepole, mukubwa," nilimwambia. "Huyu ni bibi yangu, hapana shati."

Alicheka, mkono ukatetemeka, na pale begani picha ikapinda. Alisema atairudia kesho, akakirudisha kimashine ofisini jioni ile. Kesho yake ofisi ile ilifungwa, na kimashine kikabaki ndani.

Hata hivyo, niliporudishiwa ile fremu sikuiangalia, niliangalia kioo cha kompyuta. Kadi ilitoa vivuli zaidi ya mia mbili. Ule uso ulikuwa mzima, pamoja na kovu dogo juu ya nyusi ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Aliitia picha katika diskette ya peke yake na kunipa. Niliiweka katika kitabu changu cha misa.

Mvua za mwaka uliofuata ziliingia kwa paa letu. Maji yalishuka ukutani, yakaingia katika fremu, na picha ikanata kwenye kioo. Nilikosa uvumilivu, Mungu anisamehe. Niliivuta. Karatasi ilitoka nyeupe, na uso ukabaki kwenye kioo kama majivu. Sikulia sana, kwa kuwa nilijua iko parokiani, ndani ya mashine.

Halafu ukaja wakati ambapo watu wa asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao ni hapa. Rafiki yangu alilala na familia yake kwenye stesheni kwa majuma mengi akingoja treni, pamoja na mkewe na mapacha waliozaliwa mwaka uleule. Nilikuwa nikiwapelekea viazi na maji. Siku waliposema treni imefika, nilikumbuka kwamba katika kabati ya parokia kulikuwa na kopo lake kubwa la maziwa ya unga, lenye diskette zake zote. Nilijiambia kwamba mtu anayefukuzwa asiache hata kitu kimoja mikononi mwa mwingine. Nilifunga kifuniko kwa kamba, nikakimbia nalo.

Alikuwa anapandisha godoro. Aliliona kopo, akaniangalia, machozi yakamtoka.

"Mwalimu, Mungu akuone."

"Ni yako," nilisema. "Chukua."

Mkewe alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka katikati ya watoto. Nilishangaa kidogo kwamba watu wanaweza kushukuru namna ile kwa ajili ya diskette.

Kompyuta iliendelea kufanya kazi mwaka mmoja. Kisha umeme, ambao ulikuwa ukipanda na kushuka siku nzima, uliiua diski ya ndani. Mtawa mmoja aliyefundisha katika shule ya wasichana alijua mambo hayo. Alipata diski nyingine, akaingiza programu upya kwa uvumilivu mkubwa. Mashine iliwaka. Nilimwita binti yangu kutoka kwenye mafundisho ya komunyo, nikatoa diskette katika kitabu cha misa.

Uso ulikuja kwa rangi nne: nyeusi, kijivu kilichokoza, kijivu chepesi, nyeupe. Macho yalikuwa matundu. Shavu na ukuta wa kanisa vilikuwa kitu kimoja.

Binti yangu aliangalia kwa muda mrefu.

"Papa, njo mama huyu?"

"Njo yeye."

"Anatisha," alisema, kisha akaona haya na kunishika mkono.

Mtawa alinieleza. Bila pilote, na yetu ilikuwa imekwenda Kasai ndani ya lile kopo, mashine inaitumia kadi kama kipofu anayepapasa. Picha haijaharibika, alisema, imo yote ndani ya diskette, mpaka kikovu. Kinachokosekana ni wa kuionyesha. Maneno hayo yalikuwa ya kunifariji, lakini yaliniumiza kuliko kama angesema imepotea.

Alijaribu pilote za kadi nyingine. Ya kwanza ilileta mistari kama mvua. Ya pili ilifanya kioo kiwe cheusi, akatumia siku mbili kuirudisha mashine. Nilinakili kwa penseli namba zilizokuwa juu ya kadi, nikasafiri mpaka Lubumbashi, kwenye duka moja la kompyuta. Mwenye duka aliisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena.

"Muzee, hii carte haina papa, haina mama. Ni yatima. Ununue masini muzima."

"Niko na masini muzima."

"Kama iko muzima, unatafuta nini huku?"

Watu waliokuwa dukani walicheka, na mimi nilicheka nao, kwa kuwa alisema kweli. Njiani kurudi sikucheka. Nilijaribu kuukumbuka uso wa mke wangu, na nikaona kwamba nakumbuka mikono yake, sauti yake, namna alivyokuwa akifunga kitambaa, lakini mahali pa uso palikuja zile rangi nne.

Niliona haya kumwomba Mungu diskette. Katika mji ule, miaka ile, watu walikuwa wakimwomba unga na dawa. Basi katika rozari nilimwombea rafiki yangu safari njema, mwaka mzima baada ya safari yake kwisha, na Mungu alijua ninachoficha nyuma yake. Niliandika barua tatu na kuzikabidhi kwa watu wanaopanda treni: tafadhali, fungua kopo la maziwa, tafuta diskette yenye alama ya kalamu nyekundu.

Jibu lilichukua zaidi ya mwaka. Mama mmoja mfanyabiashara alilileta parokiani akiwa bado na vumbi la safari. Lilikuwa ndani ya kopo lilelile, limefungwa kwa kamba ileile.

"Mwalimu," rafiki yangu aliandika, "barua ya tatu njo ilifika. Tuko bazima. Nikuambie kintu moja, usikasirike. Siku ya nne mu treni, maziwa ya mama ya bapacha ilikauka. Tukasema, tuko na kopo ya maziwa ya Mwalimu. Akafungua mbele ya bantu bote. Akakuta diskette, njo nikajua ni kopo yangu ya zamani. Bantu balicheka, na miye nilicheka, kisha nikalia. Mama moja hatumujue akatupa uji ya batoto wake. Sikukukasirikia. Nilisema, huyu ni Mwalimu, hawezi kulala na kintu ya muntu mu nyumba yake. Sikutupa hata moja. Sasa bapacha banakimbia, banavunja kila kintu."

Nilikaa na barua ile katika benchi la nyuma la kanisa mpaka kengele ya saa sita. Miaka hiyo yote niliyokuwa nikilifikiria kopo lile, sikuwahi kufikiri kwamba lilikuwa kopo la maziwa. Watoto wawili walikuwa mbele yangu pale stesheni, nami nilikuwa nikiangalia mali ya mtu irudi kwa mwenyewe.

Mtawa aliingiza diskette yenye alama nyekundu. Mashine ilinguruma, ikauliza maswali, ikazima, ikawaka tena. Binti yangu alisimama nyuma yangu. Safari hii mtawa alitoka na kutuacha.

Alikuwa pale, kichwa kimeinama, na kovu lake juu ya nyusi. Binti yangu aligusa nyusi yake mwenyewe bila kujua. Kisha alipeleka kidole kwenye kioo, pale begani, ambapo picha imepinda.

"Na hapa, aliumia?"

"Hapana. Hapa papa ya bapacha alicheka."

Ikabidi nimweleze alikuwa nani, alivyoimba, alikokwenda. Nilipomaliza niliona kwamba sikuwa naangalia tena uso wa mke wangu. Nilikuwa naangalia lile bega.

Juma lililofuata yule mama mfanyabiashara alirudi Kasai, na kopo lilikwenda naye. Nilijua mapacha wale sasa wanakula bukari, yaani ugali, kama wakubwa. Nililijaza maziwa ya unga mpaka juu, na safari hii sikulifunga kwa kamba, ili mtu yeyote ndani ya treni aweze kulifungua.