Fundi wa dohani: ‘Usifungue meko kabla ya kujua jirani anachoma nini’

Saa tatu asubuhi mvua ya Blaenau, mji wa machimbo ya mawe, inapiga madirisha, na Menna Prydderch amepiga magoti mbele ya meko ya ukutani ambayo haijawashwa tangu mwaka 1994. Mkono wake umezama ndani ya dohani hadi begani. Anavuta. Yanatoka magazeti yaliyooza, vijiti vya kiota cha kunguru, kisha mto mzima wa kulalia, mweusi tii.

“Mto wa bibi huo!” anacheka Nerys, mwenye nyumba, amembeba binti yake Gwenno wa miezi mitano. “Aliuchomeka kuzuia upepo. Alisema upepo wa dohani unaingia kwenye mifupa.”

“Mabibi zetu wote ni walewale,” anajibu Menna. “Wanaziba, ukuta unaota ukungu, halafu wanamlaumu Mungu kwa mvua.”

Menna ana miaka 56, na 23 kati ya hiyo ameitumia ndani ya masizi. Msimu huu wa Oktoba hufagia dohani thelathini kwa wiki, na goti lake la kulia halikunjiki vizuri tena. Kazi ya leo ilikuwa ndogo: kusafisha meko, kuipaka chokaa, na kuweka wavu wa chuma ili hewa ipite na ukuta ukauke.

Nerys anataka iishe leo leo. Kitanda cha Gwenno kiko hatua mbili kutoka hapo, na ukungu umemletea mtoto kikohozi.

“Weka tu huo wavu, Anti Menna, mtoto alale pakavu. Labda na kichwa changu kitatulia. Kila asubuhi kinanigonga, nikitoka nje kinaacha.”

Menna anaacha kufuta mikono. “Hebu rudia. Kinaacha ukitoka nje?”

Hasubiri jibu. Anafungua madirisha yote, mvua iingie ikitaka, na mtoto anafunikwa shali.

Mzazi unayesoma hapa, neno kama hilo usilipite. Nyumba za mtaa huu zimeshikana bega kwa bega. Dohani za majirani wawili hupanda ndani ya ukuta mmoja, na kinachozitenga ni unene wa tofali moja. Tofali hilo likiliwa na masizi ya miaka mia, cha jirani huwa chako. Na hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala haipigi hodi; dalili yake ni kichwa kinachouma ndani na kutulia nje.

“Mwaka wangu wa tatu kazini nilimfungulia mteja meko bila kupima,” anasema Menna. “Asubuhi mume alikutwa anatapika, mke haamki. Aliamka siku ya pili, hospitalini. Yeye alinisamehe. Mimi bado.”

Anawasha kidonge cha moshi ndani ya meko, anaziba uwazi kwa turubai, kisha wanawake hao wawili wanatoka na mtoto barabarani, shingo juu. Moshi mweupe unatakiwa kutokea kwenye dohani ya Nerys. Dakika moja. Mbili. Hakuna kitu.

“Mbona hautoki?”

“Tazama ya jirani.”

Juu ya nyumba ya Anko Idwal, mchimba mawe mstaafu wa miaka 81, moshi mweupe unafura kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. Mzee mwenyewe anatoka na ndara zake.

“Mnamchagua Baba Mtakatifu kwenye dohani yangu? Huku sisi ni Waprotestanti, Menna!”

Leo hakuna anayecheka. “Anko,” anauliza Menna, “usiku moto wako unaufanyaje?”

“Naufunika, kama mtu yeyote aliyelelewa. Vumbi la makaa, maji kidogo, unalala mpaka asubuhi. Moto wa nyumba hii haujazimika tangu nimwoe Beti.”

Hapo ndipo penye hatari. Moto unaowaka vizuri huvuta hewa kwenda juu. Moto uliofunikwa huungua chini kwa chini. Dohani inapoa, na sumu, ikikosa nguvu ya kupanda, hupenya kwenye nyufa na kushukia upande wa pili. Upande wa pili analala Gwenno.

“Ule mto ulikuwa unazuia nusu ya hiyo sumu,” Menna anamwambia Nerys kwa sauti ya chini. “Ningekuwekea wavu leo kama ulivyotaka…”

“Kwa hiyo mimi namuua mtoto?” anafoka mzee.

“Sijasema hivyo, Anko. Nasema moto uzimwe. Sasa.”

“Kwa baridi hii? Masizi yamekupanda kichwani, mwanamke wewe! Nitakaa wapi?”

“Kwetu,” anasema Nerys. “Tutawasha hita ya umeme. Ila usimlishe Gwenno mkate wako wa zabibu.”

“Nani alisema nitagawa?”

Mzee anachota makaa mekundu kwa koleo na kuyabeba uani mwenyewe; hataki kusaidiwa. Kwenye ndoo ya tatu anasimama kidogo.

“Beti angenifukuza.”

“Angekufukuza kama usingezima,” anamjibu Menna.

Mchana daktari anawapima damu Nerys na mtoto. Sumu imo, kidogo, kwa wote wawili. Wanaruhusiwa kurudi, kwa sharti kwamba kwa jirani kusiwashwe kitu. Menna anawaachia kengele inayolia sumu ikiingia chumbani.

Wiki ijayo atateremsha bomba la chuma ndani ya dohani ya mzee, juu hadi chini, kisha awashe kidonge tena. “Moshi ukitokea kwa Nerys peke yake, ndipo nitaweka wavu,” anasema. “Kabla ya hapo, mniite mwoga mkitaka.”

Mtaa huu una nyumba kumi na tisa, na anataka kuzipima zote kabla ya barafu ya kwanza. Hajaombwa na mtu. Anapangusa mikono kwenye suruali, anavuka hadi mlango wa tatu, anagonga.

“Samahani, mwanangu. Humu kuna mtoto? Na jirani yako, usiku anaufunika moto?”