Futi Kamba Kwenye Kaburi la Baba

Enyonam, binti wa marehemu kaka yangu, alisomea sayansi ya dunia na mazingira chuo kikuu, kule Accra. Hapa kwetu ufukweni, mashariki ya mji wa Keta, msomi wa mambo hayo huulizwa swali moja tu: bahari itatufikia lini?

Kwa utafiti wake alihitaji kitu kisichohama, apimie kutoka hapo hadi maji yanapokoma. Minazi ilikuwa ikianguka, kuta nazo. Akachagua kaburi la baba yangu, zege tupu. Mimi nikashika ncha ya futi kamba kwenye msalaba.

"Baba mdogo, usitikisike!"

"Nani atatikisika? Mzee kafa, mimi goti bovu."

Mita thelathini na moja. Akaandika, akarudi chuoni.

Miezi michache baadaye mawimbi yalimsogelea mzee. Tukamfukua, tukamzika upya hatua ishirini kuelekea bara, kwa zege lilelile na msalaba uleule. Enyonam hatukumwambia. Kwetu mtoto aliye kwenye mitihani hapelekewi habari za makaburi.

Likizo iliyofuata alikuta mchanga umefunika kila kitu. Nikashika ncha tena, mjinga mkubwa mimi, wala sikujiuliza kitu. Mita arobaini na tatu! Alimkimbilia mama yake, Ablavi, aliyekuwa akisonga akple, ugali wetu.

"Mama, bahari imerudi nyuma!"

"Una hakika? Kesho chifu anataka jibu, kama nakichukua kile kiwanja cha bara alichonipa nihamie."

"Nimepima mwenyewe, mama. Baki kwako."

Shemeji akakikataa kiwanja. Siku ileile kikapewa watu wengine.

Chuoni, mwalimu wa Enyonam hakuziamini zile hesabu. Wiki tatu baadaye Enyonam alirudi, akazunguka kaburi, akafukua pembeni kwa mkono, kisha akaniita.

"Baba mdogo, babu mlimhamisha?"

Nilimweleza. Aliketi mchangani, akafungua daftari.

"Tarehe ngapi?"

Nikamtajia. Akaiandika polepole, kisha akalia.

Jioni alipiga magoti mbele ya mama yake. Nilikuwapo, tonge mkononi.

"Mama, nisamehe. Nilipima vibaya. Inabidi uhame."

"Nihamie wapi? Kiwanja si wewe uliyenifanya nikikatae? Miaka minne chuo kikuu, hata kupima hujui?"

Enyonam hakunitazama hata mara moja. Nilipaswa kusema. Nikameza tonge.

Bahari ilichukua jiko mwezi wa nane, na nyumba kabla ya Krismasi. Ablavi sasa anaishi chumba cha nyuma kwangu, na jina la bintiye halitaji. Mimi namsalimu kila asubuhi, na kila asubuhi naona aibu.

Enyonam alifaulu vizuri. Siku ya mahafali nilikwenda peke yangu. Alinikumbatia akiwa na joho lake, macho yake yakiutazama mlango nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

"Miguu inamsumbua," nikamjibu.