Mguu Nje ya Tundu la Mzinga

Fundi aliyebuni manowari za matanga pale Havana hakuvaa viatu kazini. Kila meli aliichora kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake halisi, kisha akaifuata mistari polepole, nyayo nyeupe pe, akinung'unika. Ya kwanza ililazwa na upepo, bahari ikaingilia matundu ya mizinga, ikaua watu. Tangu hapo, kila mpya ilipojaribiwa, aliketi kwenye tundu la chini kabisa, mguu nje. Ya pili ilimlowesha hadi gotini. Ya tatu ilipoinama, seremala wake Crisanto alimshika kiuno, akimwomba Mungu mguu ule urudi mkavu. Fundi akauvuta, akapapasa kisigino.

"Kimelowa."

"Aa, fundi! Tone tu hilo!"

"Tone lina ndugu zake. Tukifika, kafute chaki yote."