Mwaka Niliolisha Nguruwe Nosy Be

Mume wangu alifariki mwaka uliofuata uhuru wa Wamalagasi. Nikaondoka Mahajanga na binti yangu mchanga mgongoni, nikamfuata dada yangu kisiwani Nosy Be. Kazi niliyoipata haikutamkika kwetu: kulisha nguruwe. Sisi ni Waislamu, asili yetu Ngazija. Hata majirani Wasakalava wengi walimwona mnyama huyo kuwa mwiko. Lakini mtoto hanyonyi aibu.

Mwenye nguruwe alikuwa mjane wa Kikrioli aliyezaliwa Reunion. Tulizungumza Kimalagasi, kila mmoja na lafudhi yake. Asubuhi nilichemsha mihogo, nikachanganya na pumba za mpunga na mashudu ya nazi, kisha nikabeba maji kutoka kisimani mpaka mabega yakafa ganzi. Nilifunga vitambaa mikononi nisiguse najisi. Joto likanishinda, nikavitupa.

Msimu wa joto kali, nguruwe mmoja alizaa watoto wengi mno. Baada ya siku chache mgongo wake ulichongoka kama paa la nyumba. Chakula alikinusa tu akakiacha, na watoto walipomng'ang'ania aliinuka akawakimbia. Wawili walikufa.

Mjane akachuchumaa kando yake. "Maziwa anayatoa kwenye nyama yake mwenyewe," aliniambia. "Asipokula, anajila."

Akanibadilishia kazi. Nisimjazie tena hori mchana. Nimpe kidogo kidogo, alfajiri na jioni kukipoa, uji wa pumba na vichwa vya samaki vilivyochemshwa, na maji yasikauke kamwe. Maji hayo ndiyo yaliyonimaliza. Nguruwe anayenyonyesha hunywa kama mchanga. Kila nikirudi kutoka kisimani nilikuta amemaliza, na mimi nikageuka tena.

Siku moja binti yangu alilia tangu nilipomlaza barazani. Nilimnyonyesha, akaachia, akalia zaidi. Mjane akatoka jikoni.

"Wewe umekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana?"

Nilimrudisha mtoto kifuani. Mjane akaingia ndani, akarudi na sufuria mpya ambayo haijawahi kuguswa na moto, na mchele, na samaki. "Pika mwenyewe," alisema, "ili moyo wako utulie. Upike kila siku."

Nilikula huku nimesimama, nikiogopa nikikaa sitainuka. Machozi yalinitoka. Sijui kama yalikuwa ya shukrani au ya uchovu tu.

Yule nguruwe alirudiwa na hamu ya kula. Akawa analala ubavu, anawaachia watoto wanyonye mpaka wasinzie. Waliobaki wote walikua. Binti yangu naye akanenepa. Mimi nilibaki mwembamba, lakini maziwa hayakukatika tena.

Mvua zilipokwisha nilirudi Mahajanga, nyumbani kwetu mtaa wa Mangarivotra. Mama alinitazama mikono, viganja vimepasuka.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani huko, mwanangu?"

Nilikuwa nimetunga uongo njiani, kwamba nilikuwa nikibangua korosho. Ukanishinda. Nikamwambia kweli.

Aliinuka akaenda uani. Kisha akaleta ndoo ya maji na udongo safi wa kuondolea najisi, akaketi mbele yangu, akaniosha mikono yeye mwenyewe, polepole, mpaka viwikoni, akisoma dua chini kwa chini. Alipomaliza alimchukua mtoto mapajani kwangu.

"Kalale," alisema. "Huyu nitakaa naye mimi."

Nililala mpaka adhuhuri ya siku ya pili.