Sauti Kwenye Njia ya Rejaf

Jumapili ile, baada ya misa katika kanisa la Kator, hapa Juba, mimi na jirani yangu tulichukua baiskeli tukafuata mto kuelekea Rejaf, bila haraka, tukisimama kila penye kivuli. Yeye alikulia ukimbizini Uganda. Mimi ni mwalimu kutoka Kenya, na makalio yangu hayakuzoea tandiko la baiskeli. Alinicheka njia nzima.

Kisha kicheko kikakatika chenyewe. Tulifika mahali penye nyumba nyingi na hakuna watu. Milango wazi, jiko moja bado linafuka moshi, mbuzi wametulia wakitutazama. Hata minyororo ya baiskeli zetu niliona inapiga kelele mno. Jirani akatangulia, nami nikabaki nyuma.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya ua wa matete.

"Jibu moyo."

Nilishuka. Mamangu alikuwa na namna yake: akiniita nami nimenuna, alisema hivyo hivyo, "Jibu, moyo." Tulikuwa tumemzika Kitale miezi michache tu iliyopita.

"Jibu moyo," sauti ikarudia, kwa unyonge.

Niliogopa, sitaficha. Lakini niliogopa zaidi kwamba ingenyamaza. Nikaitika, "Nimekuja, mama," nikasukuma lango.

Ndani, kwenye mkeka, alikuwa amelala bibi mmoja mgonjwa, macho ameyakaza kwangu kama aliyekuwa akinisubiri. Hakuwa mama. Nilimtazama mara ya pili ili nihakikishe.

Jirani akarudi, akanikuta nimeganda. "Mwalimu, kwa nini wewe nasimama tu? Yeye nataka maji."

"Amesema moyo."

"Hiyo ni Kiarabu ya Juba. Moyo ni maji, jibu ni lete. Watu yake iko kanisa."

Maji tu. Nikatoa chupa yangu, nikamwinua kichwa anywe, na hapo nikaangua kilio, kile kilichokataa kunitoka mazishini. Nililia kwa sauti mbele ya mtu nisiyemjua. Bibi akaacha kunywa, akasema jambo.

"Yeye nauliza nani amekufa," jirani akasema polepole.

"Mamangu," nikajibu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote Juba.

Bibi akajikokota hadi ukingoni mwa mkeka, akapigapiga pale alipokuwa amelala, nikae.